Mlango Uliozaa Wachezaji

Fundi seremala alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda, na maranda yakimwangukia miguuni kama nywele za mtoto anyolewaye. Nyuma yake ulisikika mlio aliokwisha kuuchoka. To. To. To.

"Panzi!" aliita bila kugeuka. "Umerudi tena kwenye mlango wangu?"

Mlango ule ulikuwa mpana, wa mbao nzito. Mteja aliuagiza, kisha akaukataa kwa kuwa haukuenea kwenye fremu. Panzi, binti wa fundi, alikuwa ameulaza juu ya benchi mbili na kuusogeza ukutani. Hapo ndipo alipocheza tenisi ya meza, mchezo aliouona kwenye televisheni. Alipiga kwa kibao, na ukuta ukamrudishia mpira.

"Nangoja mtu wa kucheza naye, baba."

"Utangoja hadi kuku aote meno. Kesho naupasua mlango huo nitengeneze vigoda. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Sisi ni watu wa mpira wa miguu. Mchezo huo una wenyewe. Wao wamezaliwa nao damuni."

Panzi akakishusha kibao. "Basi mimi nimezaliwa pasipo pangu?"

Swali lile lilimchoma fundi kama kibanzi chini ya ukucha.

"Hodi, fundi! Nimeleta mgonjwa."

Alikuwa jirani yao, Bi Filimbi, aliyefundisha michezo shuleni mpaka alipostaafu. Alikuwa amebeba kiti kilichovunjika mguu.

"Karibu, Bi Filimbi. Maskini kiti! Ulimkalia wewe mwenyewe?"

"Acha utani wako. Nimesikia habari za damu. Hebu niambie, babu yako alicheza mpira wa miguu?"

Fundi akacheka. "Babu? Babu alikuwa mtu wa mieleka. Mpira hakuujua hata kwa sura."

"Sasa hiyo damu ya mpira uliinunua duka gani?"

Panzi akaziba mdomo ili asicheke. Bi Filimbi akaketi juu ya gogo.

"Mpira uliletwa hapa na mafundi wa reli. Jioni walicheza nyuma ya stesheni. Vijana wetu walitazama, kisha wakafunga matambara, wakapata mpira wao. Haukuwagharimu kitu. Baadaye kijana mmoja wa hapa akawa hodari, redio ikamtangaza, na kila mtoto akataka kuwa kama yeye. Ndivyo mgeni alivyogeuka mwenyeji."

"Na kwingineko, bibi?" Panzi aliuliza.

"Kwingineko, mjukuu wangu, ziko nchi ambazo baridi ikizidi, mito na maziwa huganda, maji yakawa magumu kama sakafu. Watoto wa huko huvaa viatu vyenye chuma, wakateleza juu ya maji."

Fundi aliiweka randa chini. "Juu ya maji?"

"Juu ya maji. Iko miji iliyobanana, haina nafasi ya uwanja, lakini meza haikosi pa kukaa. Wakaweka meza shuleni na bustanini. Tena ziko nchi zilizotawaliwa na wageni. Wageni wakaondoka, mchezo wao ukabaki, na leo wenyeji wanawashinda waliowafundisha! Vipaji Mola amevimwaga kote kama mvua. Ardhi, hali ya hewa, vifaa, mwalimu, shujaa wa kuigwa: hivyo ndivyo vinavyotofautiana."

Fundi aliona kana kwamba paa limeinuliwa, naye anaitazama dunia yote kwa mara moja: theluji na mchanga, milima na vichochoro, na kila mahali watoto wakikimbia kama ardhi ilivyowaelekeza.

"Subhana Allah," alinong'ona. "Kumbe ziwa likiganda, taifa zima hupata miguu mingine!"

Akautazama mlango. Kisha akautazama mkono wa bintiye, uliokuwa bado umekishika kibao.

Siku ya pili hakuupasua. Aliziba tundu la ufunguo, akaupiga msasa hadi ukalainika kama kiganja, akafunga wavu katikati. Kwa vipande vya mbao alichonga vibao vingine. Meza ikatolewa nje, chini ya upenu.

Mwanzoni mpinzani alikuwa yeye mwenyewe.

"Baba, unapiga kama unayepigilia msumari!"

"Nyamaza, ndiyo kwanza najifunza."

Kinyozi wa jirani akaja kucheka, akabaki kucheza. Mke wa fundi akamshinda kinyozi, na mtaa ukazizima kwa vicheko. Mvua zilipojaza maji uwanja wa mpira, vijana wote wakahamia upenuni. Panzi aliwafundisha kushika kibao, mmoja baada ya mmoja, na sauti yake ikawa ya mtu aliye kwao.

Mvua zilipokwisha, foleni haikwisha. Vijana waliucheza mpira wa miguu, wakarudi mezani.

Jioni moja mteja mgeni alifika kuchukua kitanda. Alisimama akashangaa, mpira mdogo ukipita mbele ya macho yake kama cheche.

"Ajabu!" alisema. "Watu wa mtaa huu mmezaliwa na mchezo huu damuni."

Fundi alimshika mkono, akamwinamisha pembeni mwa meza, akauweka mkono wake juu ya mbao.

"Papasa hapa, bwana," alisema taratibu. "Hapa palikuwa na bawaba."