Koti Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

Mama Fundi alishona nguo kwa miaka ishirini. Kila asubuhi alifungua kibanda, akapangusa cherehani, akatia mafuta tone moja moja. Vipimo vya wateja aliviweka kichwani.

"Daftari la nini?" alikuwa akicheka. "Daftari ni mimi mwenyewe."

Mwaka huu kicheko kiliisha. Alianza kusahau. Alitafuta mkasi huku ameushika. Siku moja alisimama katikati ya chumba, asijue amefuata nini. Moyo ukampiga paa! Alimkumbuka mama yake mzazi, ambaye mwishoni alikuwa akimwuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Lakini mumewe alimwona. Jioni moja alirudi na chupa ya vidonge.

"Mama watoto, hivi vinafungua ubongo. Yule muuzaji mwenye kipaza sauti kasema ndani ya wiki utakumbuka hata siku uliyozaliwa."

"Na wewe ukamwamini?"

"Jaribu, mke wangu. Nakuona unavyohangaika."

Akameza. Jamani, wiki ile alijisikia mwepesi! Akaanza hata kuandika vipimo kwenye vikaratasi na kuvibana kwa pini juu ya kila kitambaa. Hakukosea hata mara moja.

"Dawa imenikubali," akamwambia mumewe.

Wiki ya tatu akajiona amepona, akaacha vikaratasi. Ndipo alipomkabidhi mteja koti jipya. Mteja akalivaa, akajitazama kwenye kioo, asijue acheke au alie.

"Fundi, mbona mkono huu unataka kwenda nyuma?"

Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Siku hiyo Mama Fundi akameza vidonge vitatu badala ya kimoja, na kesho yake vitatu tena. Moyo ukaenda mbio. Vidole vikatetemeka, uzi ukakataa kuingia sindanoni. Binti yake akamkuta analia juu ya cherehani.

"Nakwenda njia ya bibi yako, mwanangu."

"Mama, hujapimwa, unajihukumu! Twende zahanati. Na dawa zote unazotumia tunazibeba."

Pale zahanati Nesi, ambaye ni jirani yao, akaumwaga mfuko wa dawa mezani. Akasoma maandishi ya chupa polepole.

"Humu mna kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa. Vitatu kwa siku vinatosha kumkeshesha mlinzi. Ndiyo maana moyo unakwenda mbio."

"Lakini mwanzoni vilinisaidia, Nesi!"

"Nakuamini. Mtu akimeza kitu kwa matumaini, wasiwasi hupungua, akajisikia vizuri. Hata kidonge cha unga mtupu huweza kufanya hivyo. Wiki ile ulibadilisha nini kingine?"

Mama Fundi akafikiri. "Niliandika vikaratasi."

"Basi vikaratasi ndivyo vilivyofanya kazi, sifa zikaenda kwa chupa."

"Kwa hiyo nimemeza bure?"

"Vingi vya namna hii havijathibitishwa kuongeza kumbukumbu. Mwenye upungufu wa damu au vitamini hupimwa kwanza, kisha hupewa kile anachokosa."

Nesi akachukua pakiti ndogo. "Na hivi?"

"Ah, hivyo vya chafya tu. Vumbi la vitambaa linanisumbua. Nameza viwili kila siku tangu mwaka jana."

Nesi akaacha kutabasamu. "Mama, aina hii huleta usingizi. Ukiitumia muda mrefu, huweza kuifunika akili kama ukungu. Daktari akuone leo hii."

Daktari alimwuliza maswali mengi, akampima damu, akambadilishia dawa ya chafya. Akamwambia aachane na ile chupa, na afunge kitambaa puani anapokata nguo.

"Daktari, ni ugonjwa wa mama yangu?"

"Sioni dalili zake. Lakini rudi baada ya mwezi, tuhakikishe."

Mwezi huo ulikuwa mrefu. Kila jina lililomponyoka lilimshtua. Hata hivyo majibu ya damu yalitoka mazuri, na ukungu ukapungua kidogo kidogo. Aliporudi, daktari aliridhika.

Wiki iliyofuata aliingia kibandani mteja ambaye hakuwa ameonekana kwa miaka miwili.

"Unanikumbuka, Fundi?"

"Bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia," akajibu Mama Fundi papo hapo. "Na hupendi kola ikubane."

Mteja akaangua kicheko. Mama Fundi akageukia ukutani haraka, akajifuta machozi kabla hayajaonekana.