Kanda Iliyozidi Kunoga

Wimbo wa kwanza ulipoanza, kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja. Hakuamini masikio yake. Bendi hii ya roki ndiyo iliyotoa ile albamu ya tatu aliyoijua kila pumzi. Leo kanda yao ya mwanzo, aliyoisaka kwa miaka, ilisikika kama watu wanaoburuta mabati. Magitaa hayakupatana, na mwimbaji alikwaruza kama mzee mwenye kikohozi.

"Kinyozi, zima hilo," mteja alisema. "Nimekuja kunyolewa, sikuja kuadhibiwa."

Kinyozi aliudhika vibaya sana. Lakini shabiki ni mbishi. Alijiambia sikio halijazoea, akairudia. Binti yake, aliyeitwa Kasuku kwa kushinda akiimba nyumba nzima, aliziba masikio akicheka.

"Baba, huyu anaimba vibaya kuliko hata wewe!"

Mara ya pili mkwaruzo ulipungua. Kinyozi akadhani ni uchafu wa redio, akaisafisha, na kesho yake akarudia tena. Sauti ikanyooka. Ila duka likaanza kunuka nywele zinazoungua, na mashine zote zilikuwa zimezimwa.

"Kasuku sauti imemkauka," mkewe alisema kutoka chumba cha nyuma ya duka, walikoishi. "Tangu asubuhi hajaimba."

"Mafua hayo, yatapita. Njoo usikie, Mama Kasuku, kumbe kanda imenoga!"

Mke hakuja. Kinyozi akanung'unika kwamba nyumba hii haina mtu anayejua muziki, akarudia.

Mchana mmoja, duka likiwa tupu, mwimbaji alipanda juu kwa sauti laini ya kupendeza, harufu ya nywele ikamkaba kinyozi, akainua macho kwenye kioo na kumwona Kasuku amesimama mlangoni nyuma yake, shingo imekaza mishipa, mdomo ukifunguka na kufungika sawasawa na kila neno la wimbo, wala hakuna hata mnong'ono uliotoka humo. Kinyozi alibonyeza kitufe cha kuzima. Wimbo ukakatika, na mdomo wa mtoto ukatulia. Kisha, ndani ya redio iliyozimwa, mtu akasafisha koo.

Mganga aliyeitwa alinusa redio, akarudi nyuma.

"Ni jini," alinong'ona. "Hana koo, huazima. Kila ukirudia, anavuta sauti ya mtoto."

"Nilitaka tu kuielewa kanda," kinyozi alisema, machozi yakimlenga. "Albamu zao za baadaye ni nzuri mno!"

"Na unadhani sauti walizipata wapi?"

Mke hakungoja zaidi. Alinyakua kanda, akaichoma uani, huku mganga akisoma na kunyunyiza maji kila kona. Moshi ulitoka mweusi, kitu kikapiga mlango kwa nguvu kikienda nje, na harufu ikakatika kabisa. Mke akaketi chini, akamkumbatia mtoto, akalia kwa furaha.

"Sema neno, mwanangu. Lolote."

Kasuku alisafisha koo. Kinyozi akaganda, namna ile ya kusafisha koo aliijua.

"Baba," mtoto alisema kwa sauti ya mwanamume, yenye mkwaruzo ule ule wa siku ya kwanza, "sasa weka ile albamu ya tatu."