Mshale wa Jiwe Namba Saba

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, fundi wa kukata mawe alilitoa jiwe namba saba kwenye mfuko wake, akalipima mkononi, akazima msumeno. Namba saba aliloliona Ijumaa, sanduku la mawe lilipofika, lilikuwa jepesi, limejaa vitundu kama mkate. Hili lilikuwa zito, halina hata kitundu kimoja. Mshale wa rangi nyekundu ulikuwepo, mnene na mzuri, umeanzia juu ukashuka mpaka kwenye uso uliovunjika.

Halikuwa jiwe la kuchezewa. Mengine sita ya volkeno ileile yalitoka kwenye lava ya kale kabisa. Namba saba halisi lilitoka kwenye lava iliyofunika mizizi ikaiunguza, na mkaa wake, unaopimika umri, bado ulikuwepo. Maana yake volkeno ile ililipuka juzijuzi tu kwa hesabu ya milima. Na bondeni chini yake viwanja mia nne vilikuwa vimeshagawiwa watu.

Mkurugenzi wa maabara alipoambiwa hakufikiri hata dakika moja.

"Ni Nyundo huyo. Bintiye amepata kiwanja kule. Volkeno ikionekana bado hai, kiwanja hakuna. Saa kumi jioni namfukuza, na ripoti itoke kesho kwa mawe sita."

Nyundo alikuwa mzee aliyeikusanyia maabara ile mawe kwa miaka thelathini na moja. Fundi alimkuta stoo, ameinamia buti zake.

"Mzee, ni kweli kuhusu kiwanja?"

"Kweli. Namba kumi na tisa."

"Na jiwe?"

"Nimelitoa kwa mikono yangu, binti. Nikapaka mshale kuonyesha upande wa juu, nikapiga nyundo, nikatia mfukoni. Dereva ndiye aliyenishikia kopo la rangi."

Dereva alikuwa amenuna kabla hajaulizwa.

"Ijumaa saa kumi na moja jioni niliingiza sanduku stoo, nikafunga. Funguo tunazo watatu: mimi, Mzee na bosi. Leo nimekuwa mwizi wa mawe? Mawe, dada! Si yamejaa tele barabarani!"

Fundi alirudi mezani kwake, akayapanga mawe yote saba, akatazama mishale. Kwenye yale sita, rangi ilikomea palepale jiwe lilipovunjika. Alilirudisha namba saba kwenye mfuko wake, akasubiri saa kumi.

Wote wanne walikutana uani, penye mwamba uliochomoza kando ya ukuta. Mkurugenzi alikuwa na barua ya kufukuza mkononi.

"Mkubwa," fundi alisema, "kabla hujaitoa, tuonyeshe sampuli inavyochukuliwa. Huenda wenzangu hawaijui kazi."

Mkurugenzi alicheka, akavua koti. Akaupiga mwamba nyundo mbili, akaokota kipande, akachovya brashi kwenye kopo la Nyundo, akachora mshale mnene na mzuri. Rangi ikashuka mpaka kwenye uso uliovunjika.

"Sasa utajuaje juu ni wapi?" Nyundo aliuliza kwa mshangao. "Mshale unapakwa kwanza, jiwe likiwa bado mwambani."

Fundi aliliweka namba saba kando ya kile kipande. Mishale ilikuwa pacha.

"Likipakwa kwanza, rangi inakatika pamoja na jiwe," alisema. "Aliyepaka huu alikuwa na jiwe lililokwisha kuvunjika. Na kati ya wenye funguo, ni mmoja tu ambaye hajapanda mlima miaka nenda rudi."

Mkurugenzi alitazama brashi mkononi mwake.

"Miaka ishirini kitabu changu kinasema volkeno ile imekufa," alisema hatimaye. "Nchi nzima inakisoma. Nikikane kwa ajili ya kijiwe?"

"Kwa ajili ya familia mia nne!" Fundi alipaza sauti. "Huna haya? Ungewalaza watoto wa watu chini ya moto ili usionekane umekosea?"

Aliipokonya ile barua, akaigeuza, akaandika nyuma yake: Ripoti isimamishwe, jiwe namba saba nimelibadilisha mimi. Akamsukumia kalamu. Mkurugenzi alitia saini.

Nyundo alimsogelea mkurugenzi.

"Nilipouona ule mkaa," alimwambia, "nilijua mwanangu hana kiwanja tena. Nikalivunja jiwe hivyohivyo, nikaliandika namba. Wewe ulitakiwa kufuta ukurasa mmoja."

Kisha akachukua kopo la rangi na nyundo yake, akamgeukia dereva.

"Washa gari. Mlima haujaenda popote."