Kamera Isiyoambiwa Imfuate Nani

"Kamera yako ni nzima, dada? Maana huyu niliyemchora haimwangalii."

"Inamwangalia. Tulia uone."

"Nimetulia tangu asubuhi. Tazama mwenyewe. Yuko pembeni kabisa, kama mtu aliyejibanza kwenye picha ya harusi isiyomhusu. Katikati umemweka nani?"

Fundi alisugua macho. Alikuwa amechoka kiasi kwamba maneno ya mdogo wake yalimfikia kwa kuchelewa. Jengo zima walimwita Fundi kwa sababu kila simu iliyokufa ililetwa kwake. Mdogo wake walimwita Rangi, kwa sababu alichora mpaka kwenye karatasi za kufungia sabuni. Katika chumba chao kimoja, ghorofa ya pili, walikuwa wanatengeneza gemu ya simu. Mwanamke mwenye ndoo kichwani anatembea kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anapanda kuta, mpaka afike kwenye lango la mwisho. Rangi alichora, Fundi aliandika maagizo ya kompyuta, pamoja na ya kamera, yaani jicho la gemu linaloamua mchezaji aone wapi. Mwendo wa yule mwanamke Rangi aliuchukua kwa dada yake akipanda ngazi na maji, bega la kushoto limeshuka.

Ijumaa karani wa kampuni ya gemu angekuja kuichukua. Mara mbili walikuwa wamerudishiwa kazi kwa sababu ileile, kwamba kamera inashtuka na kutia kizunguzungu. Safari hii ikikubaliwa, Fundi angepata meza yake pale ofisini. Ikikataliwa, wasingemwita tena.

Dawa ya kushtuka alikuwa ameipata. Badala ya kamera kumrukia yule mwanamke, aliiambia kila mara ipime umbali uliobaki, kisha isogee sehemu moja tu ya kumi ya umbali huo. Ikiwa mbali, inakwenda haraka. Ikikaribia, inapunguza mwendo, kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala.

"Na nafasi umeiacha nyuma yake," Rangi aliendelea. "Kwa kawaida si unaacha mbele, mchezaji aone anakokwenda?"

"Ni hesabu tu. Nitairekebisha."

"Dada, si hesabu hiyo. Kamera inasimama katikati ya watu wawili. Mmoja simwoni."

Rangi alisema hivyo taratibu, bila utani, akarudi kwenye kitanda chake na penseli zake. Ugomvi ukaishia hapo, maana wote wawili walikuwa wameogopa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri.

Fundi alijua kosa lilipoanzia. Jumatatu mchana, baada ya siku mbili za kusinzia kwenye kiti, alikuwa ameandika mstari wa kuiambia kamera ifuate, lakini pale pa kutaja ifuate nini akaacha wazi, ajaze baadaye. Kompyuta hulalamika ukiacha pengo kama hilo. Yeye alikuwa na mazoea ya kuzima malalamiko yake ili afanye kazi kwa utulivu. Akaiwasha gemu, akalaza kichwa mezani ajinyooshe dakika tano, akaamka jua limeshahamia ukuta wa pili.

Picha ilikuwa inatembea. Yule mwanamke amesimama mwanzoni kabisa, hajaguswa, na kamera imemwacha, inakwenda zake polepole kulia, inatua, inarudi, inatua tena, kama inayomwangalia mtu anayekagua nyumba aliyopangishwa. Fundi hata kuogopa hakuweza. Alijaza jina la yule mwanamke kwenye pengo, akahifadhi, akaenda kuteka maji.

Na hapo kwenye ngazi ndipo alipozisikia hatua. Alipotembea zilitembea, na aliposimama hazikusimama naye, ziliendelea kidogo, zikapunguza, zikapunguza tena, zikatulia kwa upole uleule alioupigia hesabu kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu zilitulia chini, kwenye lango la jengo. Jumanne zilitulia kwenye kona ya ngazi, na pakaja harufu ya nguo zilizoloweshwa zikasahaulika ndani ya beseni. Na leo Jumatano, mchana kweupe, huku redio ya jirani inasoma matangazo na Rangi amemgeuzia mgongo akichonga penseli, alizisikia zikija kutoka ukumbini, haraka kwanza kisha polepole, polepole zaidi, mpaka pazia la mlango likavimba kuja ndani kama lililoegemewa na kifua cha mtu, na harufu ile ikaingia ikakaa juu ya meza, juu ya kikombe cha chai, juu ya mikono yake iliyokuwa bado kwenye kompyuta, naye akakumbuka kwamba sehemu ya kumi ya umbali uliobaki, hata ukiirudia mara ngapi, haikufikishi, lakini pia haiachi kukusogeza.

"Dada," Rangi alinong'ona bila kugeuka, "tumwite mama mkubwa."

Mama mkubwa wao alikuwa mkunga mstaafu ambaye watu walimwita walipopandwa na vitu. Alifika Alhamisi mchana, akakaa kwanza dakika kumi akisugua magoti.

"Ghorofa ya pili," alisema. "Hamkupata jini la ghorofa ya chini?"

Rangi alicheka kidogo. Fundi akaeleza yote, akamwonyesha mstari wenyewe. Mama mkubwa aliusogelea kama anayesoma cheti cha hospitali.

"Kwa hiyo uliita, 'fuata', kisha ukanyamaza."

"Nilichoka, mama mkubwa. Nilisema nitajaza baadaye."

"Umemwita asiye na pa kwenda, ukamwachia kiti. Baadaye ukamkalisha mtu mwingine kwenye kiti hichohicho. Na mtu mwenyewe amechorwa kwa mwendo wako." Alipumua. "Mimi nimezoea kuwatoa kwenye miili ya watu. Mashine siijui. Lakini hawa hawataki makuu. Mpe mahali pa kwenda, afike, atulie. Lipo?"

"Lipo lango la mwisho."

"Na atafika? Nisije nikamwambia aende, halafu akabaki anakaribia tu maisha yake yote."

Fundi alifuta jina la yule mwanamke, akaandika lango. Kisha ile sehemu ya kumi akaifuta, akaweka moja nzima, ambayo maana yake ni kufika palepale, bila kubakiza hata unywele. Mama mkubwa akaweka kiganja juu ya kompyuta na kusoma dua kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayembembeleza mzazi asukume mara ya mwisho. Fundi akaiwasha gemu.

Kamera ilikuwa langoni papo hapo. Pazia likalegea. Hatua zikashuka ngazi, ya kwanza, ya pili, hazikupunguza mwendo, zikaisha. Harufu ikabaki kidogo kisha nayo ikaondoka.

"Faili hilo usiliguse tena," mama mkubwa alisema akivaa viatu. "Andika jingine, ujaze jina kabla ya kuwasha. Na ulale, mwanangu. Macho yako yamekuwa kama ya mzazi wa mapacha."

Rangi aliondoka naye, hakutaka kulala pale. Fundi alisema angelala mapema, na alijaribu. Kila alipofumba macho aliiona ile meza ofisini.

Ijumaa asubuhi alifungua faili jipya. Ukurasa mweupe ulimtazama naye akautazama. Mstari wa kwanza haukuja. Karani angefika saa nne, na saa tatu ilikuwa imeshapita. Akafanya afanyavyo siku zote, akanakili faili la zamani. Kunakili si kugusa, alijiambia. Akafuta lango, akarudisha jina la yule mwanamke, kwa uangalifu, kabla ya kuwasha.

Yule mwanamke alitembea, na safari hii alikuwa katikati kabisa. Akisimama, kamera imesimama. Akiruka, imeruka naye. Hakukuwa na pengo nyuma yake wala mbele. Fundi akasikiliza ukumbini. Hakuna hatua. Alikaribia kulia kwa shukrani.

Kisha aliona jinsi picha ilivyokuwa ikishtuka kwa kila mruko, akashuka na macho kwenye mistari kutafuta sababu, akaikuta. Moja nzima, pale alipoiacha jana.

Alinyoosha mkono aifute. Mkono ulikuwa mzito. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka zaidi ya kawaida yake, shingo ikawa na unyevunyevu wa baridi, na ile harufu ya nguo za beseni sasa haikutoka mlangoni wala ukumbini, ilitoka kwenye nywele zake mwenyewe. Ni uchovu, alijiambia, ni uchovu huu huu. Kidole kilikuwa hakijafika kwenye kitufe mlango ulipogongwa.

Alijikokota kufungua, hatua kwa hatua, akishikilia meza, kisha kitanda, kisha ukuta. Karani alikuwa na bahasha mkononi na tabasamu la kazini. Tabasamu likapungua. Alitazama juu kidogo ya bega la Fundi, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Pole, dada," alisema. "Ungeniambia tu niingie mwenyewe, kuliko kuja kufungua mlango na mgonjwa mgongoni. Shikamoo, bibi."