Vipele vya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifua nguo za bibi yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa kwa kusema sana, lakini leo alikuwa amenuna. Alikuwa ameshalisuuza vazi la bibi la kuogelea, na bado akaambiwa arudie.

"Suuza tena!" bibi aliita dirishani huku akijikuna mgongo. "Sabuni unayoiacha ndiyo inayonitafuna."

"Bibi, maji haya hayana hata povu!"

"Usinijibu. Anayewashwa ni mimi."

Magoti ya bibi yalikuwa yakimsumbua, na daktari alimshauri afanye mazoezi majini. Kwa hiyo yeye na wenzake walikwenda kwenye bwawa dogo la maji ya moto katika ukumbi wa mazoezi. Magoti yakapata nafuu, ila sasa tumbo na mgongo vilijaa vipele vyekundu, vingine vyenye usaha.

Chiriku alibadilisha sabuni. Akaanika nguo juani kutwa nzima. Akapiga pasi mpaka shuka. Vipele vikazidi, na lawama nazo zikazidi. Bibi alipomwambia mama kwamba mtoto huyu ni mvivu, Chiriku alijifungia chumbani akalia kwa hasira. Alipotoka, alisema, "Kesho twende zahanati. Kama ni mimi, muuguzi aseme."

Kesho yake muuguzi alimkagua bibi nyuma ya pazia. "Mikono na miguu haina kitu," alisema. "Vipele viko pale tu linapobana vazi la kuogelea. Mama, unaogelea wapi?"

Bibi akamweleza, akaongeza kwamba mjukuu wake ndiye anayemfulia na hasuuzi vizuri.

"Basi wenzako wa huko nao wamekuja na vipele hivi hivi. Na wao wanafuliwa na mjukuu wako?"

Bibi alikohoa kidogo, kama aliyepaliwa.

"Hawa ni bakteria," muuguzi aliendelea. "Maji ya moto yasipotiwa dawa ya kutosha, wanazaliana humo na kushambulia ngozi, hasa pale vazi lililolowa linapoibana." Akampa dawa, akamkataza kuingia majini.

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja ukumbini. Walipomweleza maneno ya muuguzi, msimamizi wa bwawa alikuja juu. "Maji yangu yanang'aa kama kioo!"

Chiriku alichuchumaa akapapasa ukuta wa bwawa. "Mjomba, hebu shika hapa. Panateleza kama ute wa yai."

"Mtoto asinifundishe kazi!"

"Huyu mtoto nimeshamlaumu bure mimi," bibi alisema kwa ukali. "Wewe usirudie. Fungua chujio tuone."

Chujio lilipofunguliwa, lilikuwa limeziba kwa nywele na utando unaonuka. Msimamizi aliinamisha kichwa, akakiri kwamba dawa alikuwa akiitia pale tu anapokumbuka. Bwawa likafungwa, likaondolewa maji yote na kusuguliwa. Lilipofunguliwa tena, maji yalipimwa kila siku kabla ya mtu yeyote kuingia.

Ngozi ya bibi ilipopona, alimwita Chiriku mbele ya mama yake.

"Maji yanaweza kung'aa na bado yakawa na maradhi," alisema. "Oga kabla ya kuingia bwawani, na ukitoka, vua nguo mbichi, uoge tena kwa sabuni. Na mimi nimejifunza langu: nilitafuta wa kumlaumu kabla ya kutafuta chanzo cha ugonjwa. Nisamehe, mjukuu wangu. Hukuwa mvivu hata siku moja."