Taa Iliyowaka Baada ya Daraja la Lumemo

Asubuhi ile Ifakara iliamka kama kawaida yake. Nje ya lango la hospitali wauza uji walikuwa wanakusanya vikombe, na Agnella aliketi kwenye ngazi akiwa amevaa kandambili za mama yake, kwa sababu zake zilikatika wakati wa kuuguza na hakuna aliyekumbuka kumnunulia nyingine. Muda wote wa ugonjwa alilala sakafuni kando ya kitanda, mkono juu, ameshika kidole gumba cha mama, kile chenye kovu la mundu lililopita katikati kama mstari wa rula. Machozi yalikuwa yamemwisha. Alichotaka ni usingizi.

Marehemu mama yake, Marsiana, alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa. Wanaume wanne walipandisha jeneza garini wakihema, na mmoja akabaki ameegemea mlango, anajifuta jasho. Gari lilikuwa la Evod, kaka yake Agnella, stesheni wagoni kuukuu, ndefu kwa nyuma, aliyoinunua mwaka uliopita. Ndugu wengine walishatangulia kijijini kwao, Mbingu, kuchimba kaburi.

"Wewe kaa naye nyuma," Evod alisema. "Darajani unajua la kufanya."

Alijua. Katika ukoo wao, marehemu akivushwa mto, anayekaa naye humwambia: Mama, tunavuka, twende wote. Asipoambiwa, mwili huvuka, mwenyewe akabaki ng'ambo. Marsiana ndiye aliyewafundisha hayo, siku walipomsafirisha bibi yao.

Gari likaondoka. Joto likapanda. Agnella akaegemeza kichwa kwenye mbao za jeneza. Kidogo tu, alijiambia.

Alizinduliwa na mlio. Nje yalikuwa mashamba ya mpunga, kulia na kushoto, na kwenye dashibodi kitaa chekundu kilikuwa kinamulika.

"Nini hicho, kaka?"

"Taa ya maji. Inasema rejeta imekauka. Imeanza tulipotoka tu darajani."

Agnella aligeuka kutazama walikotoka.

Evod alisimamisha gari, akafunua boneti. Tangi dogo la maji lilikuwa limejaa hadi kwenye alama. Mshale wa temperecha umetulia katikati. Hakuna mvuke, hakuna tone chini. Akampigia fundi wake, Limbu, wa mtaa wa Viwanja Sitini.

"Maji yapo?" Limbu aliuliza.

"Yapo, fundi. Nayaona kwa macho yangu."

"Basi sensa, kile kipimio cha maji, inakudanganya. Ipo chini ya hilo tangi. Chomoa plagi yake, futa ule ukoko, rudishia."

Evod alichomoa, akafuta kwa pindo la shati, akarudishia. Taa ilikuwa palepale.

"Sasa chomoa tena, unganisha zile nyaya mbili kwa kipande cha waya. Gari litadhani maji yamejaa. Taa isipozima, ujue waya umekatika huko ndani."

Akaunganisha. Haikuzima.

"Gari zee hilo, limezoea kudeka," Limbu alisema. "Mshale ukiwa hapo katikati, tembea. Kamzike mama. Hiyo taa ni ya uongo."

Evod alitaka kuliweka gari kwenye kivuli kidogo, anawe mikono. Akaligeuza, likaelekea Ifakara. Taa ikazima.

Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Umeona? Waya umelegea. Nikikata usukani unagusa."

Akageuza kuelekea Mbingu. Ikawaka.

Akageuza tena Ifakara. Ikazima.

Mbingu. Ikawaka.

Hakucheka tena.

Katika kugeuzwa huko jeneza lilikuwa limeteleza hadi mlango wa nyuma. Agnella aliingiza vidole chini yake alivute. Likanyanyuka. Kwa mkono mmoja. Kama sanduku lililotolewa nguo.

Alilishusha taratibu.

"Kaka," alinong'ona.

"Nini tena?"

"Nililala. Pale darajani. Sikumwambia."

Evod alimtazama kwenye kioo cha juu. Agnella alingoja kugombezwa.

"Padri anasubiri," Evod alisema. "Kaburi liko wazi."

"Tukifika hivi tutazika mbao. Njoo ulishike mwenyewe."

Evod hakuja kulishika. Alijipangusa uso kwa viganja, mara moja, mara mbili. "Hata mimi ningelala, mdogo wangu," alisema, akakanyaga mafuta kurudi walikotoka.

Njia nzima taa haikuwaka.

Walivuka daraja la Lumemo, wakasimama upande wa mjini. Chini mtoni, mwanamke mtu mzima alikuwa anafua magunia. Aliinuka, mikono inachuruzika maji.

"Shikamoo, mama," Agnella alisema.

"Marahaba. Ni ninyi mliomwacha mwenzenu?"

"Mwenzetu nani?"

"Huyo mama mnene. Amekaa hapo kwenye ukingo wa daraja tangu asubuhi, peku, na jua lote hili. Nimemwita aje anywe maji, haitiki."

Agnella akatazama miguu yake. Kandambili za mama.

Kwenye ukingo hapakuwa na mtu. Saruji ilikuwa kavu, inachoma. Palikuwa pamelowa mahali pamoja tu, upana wa mtu aliyeketi.

Agnella alifungua mlango wa nyuma. Akavua kandambili, akazipanga ndani, zikielekea mbele.

"Mama," alisema. Akaweka kiganja juu ya jeneza. "Mama, tunavuka. Twende wote."

Hata upepo hakuna.

Kisha springi za nyuma zikalia, polepole, na gari likadidimia.

Yule mwanamke alizoa magunia yake mabichi, akaondoka bila kuaga.

Kule Mbingu jeneza lilishushwa na wanaume sita. "Huyu dada amezidi uzito," mmoja alianza kusema. Wenzake wakamkatiza.

Baada ya matanga Evod na Agnella walipeleka gari kwa Limbu. Fundi alifungua dashibodi autafute waya uliokatika. Akachungulia, akachungulia tena.

"Kaka, uliniambia ni taa ipi ilikuwa inawaka?"

"Hiyo ya maji."

"Hii?"

Akawaonyesha. Tundu la taa halikuwa na glopu. Utando wa buibui ulikuwa umeliziba, mkavu, umeshika vumbi la miaka.

"Hapa hapajawaka kitu tangu ulinunue gari hili," Limbu alisema. "Nikuwekee glopu?"

"Acha," alisema Agnella.

Limbu alichukua kioo cha dashibodi akifute. Kwa ndani kilikuwa kimetandwa vumbi lilelile, isipokuwa mahali pamoja, juu ya alama ya maji. Pale palikuwa na chapa ya kidole gumba. Ilikuwa bado mbichi, na katikati yake ulipita mstari mmoja, ulionyooka.