Nani Amevunja Kikombe?

Kikombe kilianguka jikoni Jumamosi asubuhi, na watu wote watatu wa nyumba ile walikuwa sebuleni.

Mke aliinua kichwa kutoka kwenye nguo alizokuwa akizikunja. "Nani amevunja kikombe?" aliuliza kwa mazoea tu, maana watu aliozoea kuwauliza wote walikuwa mbele ya macho yake.

"Ni mimi," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, iliyochoka, kama ya mtu aliyeulizwa jambo lile lile tangu jana. Mume alikwenda jikoni na fagio mkononi, sijui alitaka kumpiga mtu au kumfagia. Hakukuta kiumbe. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo. Kikombe kilikuwa vipande vinne sakafuni, na palinuka blanketi bichi pamoja na dawa ya kudekia, harufu aliyoijua vizuri ila hakukumbuka ni ya wapi.

"Redio ya jirani," alisema aliporudi.

"Jirani kahama mwezi uliopita," mkewe alimjibu, akaendelea kukunja shati lile lile mara ya tatu.

Mume huyu alikuwa mkalimani wa mahakama. Washtakiwa wasiojua lugha ya mahakama waliongea lugha ya kwao, yeye akamfasiria hakimu. Kazini walimwita Dakika Tatu. Jina lilitokana na ufundi wake. Mshtakiwa akikana kosa, kesi huenda miezi: mashahidi waitwe, wasije, waitwe tena. Akikubali, ni dakika tatu, anaitwa mwingine. Na Dakika Tatu alijua kuwafanya wakubali. Hakumpiga mtu wala kumtishia. Aliwafuata kwenye benchi la koridoni kabla hawajaitwa, akawasalimia kwa lugha ya mama zao, akainama sikioni: "Kubali, ndugu yangu. Leo utalala kwako." Wengine walilala kwao kweli. Ambao hawakulala kwao hakuwaona tena, kwa hiyo hawakumsumbua.

Tusimwite mtu mbaya upesi. Alikuwa baba mwema, mwepesi wa utani, na hakimu alimpenda kwa kuwa orodha ya kesi za Ijumaa ilikwisha kabla ya saa nane. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikuwa na sababu nzuri: binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na miwili, alitoka shule saa nane na nusu, naye alipenda kumpokea getini.

Binti huyo nyumbani walimwita Wakili. Tangu alipojua kusema hakuwahi kukubali kosa. Ukimkuta na sukari mdomoni atakuuliza ushahidi uko wapi. Baba yake alicheka hadi machozi, akawasimulia watu kazini.

Baada ya kikombe yakaja mengine. Bomba la bafuni likaachwa wazi, mama akauliza, sauti ikajibu kutoka ndani ya ukuta, "Ni mimi." Maziwa yakaungua, "Ni mimi." Halafu vikaanza viatu. Kila alasiri, jua likiwa bado kali uani, vilisikika viatu vikiburutwa ukumbini, kwap, kwap, kama vya mtu asiyeweza kunyanyua mguu kwa sababu kiatu kitamvuka. Vilikwenda hadi mlango wa chumba cha Wakili, vikasimama.

Siku ya tisa viatu havikusimama. Viliingia.

Jioni ile mama alikuta pazia limechanika. "Nani amechana pazia?" akauliza, akakunja uso kungoja sauti ya kiume. Aliyejibu alikuwa Wakili, mezani, kijiko kikiwa mkononi.

"Ni mimi."

Baba alicheka. "Leo Wakili kakubali! Tuandike tarehe." Kisha akamtazama mtoto, akaacha kucheka. Macho yale hayakuwa na ubishi wowote. Yalikuwa yakingoja kuambiwa pa kwenda.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akamwita baba. Karatasi za mtihani ziliibwa ofisini Jumanne, na Wakili amesema ni yeye.

"Mwalimu, Jumanne alikuwa nyumbani na homa. Mimi mwenyewe nilileta taarifa."

"Najua, mzee. Daftari la mahudhurio ninalo hapa." Mwalimu mkuu hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Lakini amekubali mwenyewe na sahihi ameweka. Mtu akikubali, sisi tutafute nini tena?"

Maneno hayo Dakika Tatu aliyajua. Aliwahi kuyasema yeye, kantini ya mahakama, na watu wakacheka.

Akamrudisha mtoto nyumbani, amefukuzwa. Njiani alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeiba karatasi?" "Ni mimi, Baba." "Umeingiaje ofisini?" "Ni mimi, Baba." Akaacha kuuliza.

Siku mbili baadaye, saa tisa mchana, redio ilitangaza kwamba dereva mmoja amemgonga mzee wa baiskeli barabara kuu, mzee amekufa, dereva amekimbia na polisi wanamtafuta, na kabla taarifa haijaisha Wakili alikuwa ameshasimama, na mama yake, aliyekuwa akimenya vitunguu, akamwona anapita taratibu kuelekea mlangoni, kwap, kwap, akiburuta viatu visivyo na kamba, na alipogeuza macho mezani akaona kamba za viatu vyote vya nyumba ile, vya baba, vya mama, vya shule na vya michezo, zimechomolewa na kulazwa sambamba, na pembeni yake mkanda wa baba umeviringwa vizuri, kama vitu vinavyokabidhiwa mtu anapoingizwa ndani.

"Unakwenda wapi, mama yangu?"

"Polisi. Ni mimi."

"Wewe gari unajua kuendesha?"

"Ni mimi, Mama. Nipelekeni, msisumbuke."

Mama alimkumbatia kiunoni, akapiga kelele kumwita mumewe. Mtoto hakupigana. Aliendelea tu kuvuta miguu, kwap, kwap, papo hapo alipo, na nywele zake zilinuka blanketi bichi. Hapo ndipo baba alipokumbuka harufu ile ni ya wapi. Ni ya mahabusu ya chini ya mahakama, wanamolala watu wakingoja kuitwa.

Mganga waliyeelekezwa aliitwa Bi Funguo. Kabla ya uganga alikuwa askari, akilinda mahabusu ile ile miaka ishirini na sita. Alipomwona baba mlangoni alimpima kwa macho. "Dakika Tatu. Karibu. Nilijua ipo siku."

Alimkalisha mtoto kwenye mkeka, akafukiza ubani. Mtoto hata hakukohoa. Alipoulizwa jina alisema ni yeye.

"Ubani halitaki," Bi Funguo alisema, akaondoa chetezo. "Sikilizeni. Aliyekufa harudi, huyo kapumzika. Hili ni jini la mahabusu, nalijua. Halina ubaya. Limeishi humo na watu wanaolia, likawasikiliza, maana hakuna mwingine wa kuwasikiliza. Akitokea mmoja aliyeliuma moyo, hubeba neno lake. Wewe, kuna mtu ulimkata neno."

"Bibi, ni wengi nimewa—"

"Nyamaza. Leo usikatize."

Akamwinamia mtoto. "Sema yote, mwanangu. Hatuna haraka."

Wakili akaanza kusema kwa lugha ya bibi yake mzaa baba, lugha ambayo hakuwahi kufundishwa hata salamu. Mama hakuelewa kitu. Baba alielewa kila neno, akashika ukuta.

"Cherehani niliibeba, mheshimiwa, hilo sikatai. Mimi ni hamali, kazi yangu ni kubeba. Mtu mmoja alinikuta stendi, akaninunulia chai, akasema anahama nyumba. Funguo alikuwa nazo yeye. Alifungua mlango mbele yangu. Mtoto wa jirani alimsalimia. Nilishika upande huu, yeye upande ule. Watu walipopiga kelele yeye alikimbia, mimi sikukimbia, kwa sababu mzigo wa mtu hauachwi njiani. Namjua kwa sura, ana kovu kwenye kidevu. Mama yangu hajui niko wapi. Naomba aitwe mtoto wa jirani aulizwe."

Mtoto akainua uso, akamtazama baba yake. "Kaka, ulimwambia mheshimiwa hivyo?"

Hakuwa amemwambia hivyo. Sasa alikumbuka: Ijumaa, mvua, saa saba na nusu, kijana mpana wa mabega amesimama kizimbani anaongea, anaongea, na hakimu anatazama saa. Kijana alipomaliza, Dakika Tatu aligeuka akasema maneno mawili. "Ni kweli." Na kijana, aliyekuwa ameahidiwa koridoni kwamba atalala kwake, alitabasamu kumshukuru.

"Afanye nini, Bibi?" mama aliuliza akilia.

"Aliyeuliza ni hakimu. Jibu lilimkwama huyu. Alipeleke."

"Nikiandika barua?" baba alisema.

"Barua italala ndani ya faili. Pale pale alipokatwa neno, mbele za watu, lote."

"Watanifunga, Bibi."

"Huenda. Au umwache mwanao aendelee kukubali. Leo kakubali kifo cha mzee wa baiskeli. Kesho redio itasema nini, hujui."

Asubuhi iliyofuata alishuka masjala, akalitafuta faili la kijana yule. Lilikuwa jembamba. Shitaka, kisha jibu la mshtakiwa, "Ni kweli," kisha kifungo cha miaka mitatu. Nyuma kabisa palikuwa na barua fupi ya gereza: mfungwa alifariki mwezi wa saba kwa ugonjwa wa kifua. Ndugu hawakupatikana. Dakika Tatu alikaa kwenye ngazi za masjala akalia. Watu walimpita wakidhani kafiwa, na walikuwa sahihi.

Saa nne alisimama mahali pake, pembeni ya kizimba. Aliitwa mwanamke mmoja wa kufasiriwa. Badala ya kumgeukia, alimgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, kuna jibu nadaiwa."

"Jibu gani? Twende, orodha ni ndefu."

"La hamali wa cherehani. Uliuliza ni kweli au si kweli. Hakusema ni kweli. Mimi ndiye niliyesema."

Mwendesha mashtaka aliinua kichwa. Hakimu alivua miwani, akasema kwa upole ulioogopa, "Mkalimani, unajua unachokifanya? Kaa chini. Tutazungumza ofisini."

"Nikikaa sitasimama tena, mheshimiwa."

Akalisema lote. Kwanza kwa lugha ya hamali, neno kwa neno, kisha akalifasiri: stendi, funguo, mtoto wa jirani, kovu la kidevu, mama asiyejua mwanawe yuko wapi. Hakufupisha. Nyuma yake, ukumbini, alisikia viatu vikija vikiburutwa, kwap, kwap, vikasimama karibu na bega lake la kushoto na kusikiliza pamoja na wengine, na harufu ya blanketi bichi ikajaa hadi karani akafungua dirisha. Alipomaliza alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imechukua dakika kumi na moja. Maisha ya mtu yalihitaji dakika kumi na moja tu, na yeye hakuwa nazo.

Walimkamata pale pale.

Jumapili mkewe aliruhusiwa kumwona. Alikuja macho yamevimba, lakini midomo haikutulia kwa habari.

"Jana nimeangusha sahani makusudi," alinong'ona. "Nikaenda sebuleni, nikauliza, nani amevunja sahani? Wakili akanyamaza, akanyamaza, mume wangu, nikajua tumekwisha. Halafu akasema, 'Mama, si mimi! Mimi niko hapa, wewe ndiye uliyekuwa jikoni. Ushahidi uko wapi?'"

Walicheka wakiwa wameshikana vidole kwenye wavu, kisha wakalia. Mlango ukagongwa, muda umekwisha.

"Nyumbani hakuna kitu tena? Viatu?" aliuliza haraka.

"Hakuna. Kumenyamaza kabisa. Limeondoka."

"Limekwenda wapi?"

Mkewe hakujua.

Jumatatu walimtoa mahabusu asubuhi, wakamkalisha kwenye benchi la koridoni angoje kuitwa kujibu shitaka lake. Mkanda walikuwa nao wao. Kamba za viatu pia. Koridoni hapakuwa na mtu ila askari mmoja mbali, anasinzia mlangoni. Alikuwa amejiandaa. Alitaka kusema kosa lake ni kweli, lakini alitaka kulisema lote: ni wangapi, aliwaambia nini, nani alimsifu. Wafungue mafaili yale membamba moja baada ya jingine. Alijua lingechukua zaidi ya asubuhi. Alijua pia kuwa leo orodha ni ndefu, na mkalimani mpya, anayewafasiria wenzake, ni kijana mwenye haraka kama yeye zamani.

Benchi likalalia upande wa kushoto, kama mtu mzito ameketi. Hakugeuka. Harufu aliipata kwanza. Kisha pumzi, karibu kabisa na sikio lake, na sauti ya chini iliyochoka, kwa lugha ya mama yake, yenye huruma ya kweli:

"Kubali, ndugu yangu. Leo utalala kwako."